Mama mkubwa kakatwa TASAF, jirani mwenye mbuzi analipwa: tubadili watu au tubadili mfumo?

SWALI: Mama mkubwa wangu ana miaka 72, analea wajukuu wawili, mmoja yuko darasa la tano. Alikuwa mlengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaolipa ruzuku kaya maskini) tangu kaya za mwanzo zilipoandikishwa. Kwenye uhakiki uliopita ameambiwa "amehitimu", wakati jirani yake mwenye mbuzi bado anachukua. Hapa kijiweni kila mtu ana lake: mmoja anataka mpango ufutwe, fedha ziende kwenye mikopo ya vikundi; mwingine anasema walipwe wazee wote kama Zanzibar; wa tatu anasema asiyefanya kazi asilipwe. Nani yuko sahihi? Na mama mkubwa afanye nini? (Msomaji, Handeni)

JIBU:

Pole kwa mama mkubwa. Nianze na jirani, maana naona ndiye anayewasha moto kijiweni kuliko hata kiasi cha fedha chenyewe.

Watu wengi wakiona asiyestahili analipwa na anayestahili ameachwa, wanakimbilia neno moja: upendeleo. Upendeleo upo, sikatai. Lakini hata kijiji chenu kingekuwa na mwenyekiti mwadilifu na wawezeshaji wasioonjeshwa hata soda, bado mngemwona jirani mwenye mbuzi kwenye orodha na mjane nje. Sababu iko kwenye hesabu.

Uchaguzi wa kaya hupita hatua tatu. Kwanza hugawanywa nafasi kwa maeneo: halmashauri zenye umaskini mkubwa hupata zaidi. Pili, mkutano wa kijiji, mtaa au shehia, ukiongozwa na wawezeshaji kutoka halmashauri, hutaja kaya zinazoonekana maskini kwa vigezo ambavyo mkutano wenyewe umevikubali. Tatu, kila kaya iliyotajwa hujaziwa dodoso, majibu yakaingizwa kwenye kompyuta, nayo ikatoa alama. Aliye chini ya mstari anaingia, aliye juu anabaki nje. Kisha orodha hurudi kusomwa mbele ya kijiji.

Utata wote uko hatua ya tatu. Hakuna anayejua kipato cha mtu anayeishi kwa muhogo, vibarua na elfu tano ya mtoto aliyeko mjini. Hana hati ya mshahara, na ukimuuliza atakujibu kwa kukisia, au atakujibu unachotaka kusikia. Kwa hiyo kipato hakipimwi, kinakadiriwa. Wataalamu huchukua utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wakaangalia ni vitu gani vinavyoonekana kwa macho vinakwenda pamoja na matumizi makubwa au madogo: paa la bati au la nyasi, sakafu ya saruji au ya udongo, idadi ya wategemezi, elimu ya mkuu wa kaya, baiskeli, redio, mifugo, nishati ya kupikia. Kila kitu hupewa uzito wake, vikajumlishwa, ikatoka alama.

Mizani hiyo si ya kubahatisha, lakini ni butu. Kwa kawaida huweza kueleza takriban nusu tu ya tofauti za matumizi kati ya kaya na kaya. Nusu nyingine ni mambo ambayo dodoso haliyaoni: nani anaumwa, nani ana deni dukani, nani mwanawe ameacha kutuma pesa. Na kijijini, ambako kaya nyingi zimebanana karibu na mstari uleule, kosa dogo la makadirio linampeleka mtu upande mwingine. Uchambuzi uliofanywa kwa takwimu za Bangladesh, Indonesia, Rwanda na Sri Lanka ulikuta kwamba mpango ukilenga asilimia 20 ya walio chini kabisa, kati ya asilimia 44 na 55 ya wanaostahili huachwa nje na hesabu yenyewe. Hapo bado hakuna aliyempendelea shemeji yake.

Iweke kwenye kijiji. Tuseme kina kaya 300 na mstari unachukua 60. Ikiwa kosa ni nusu, kaya 30 kati ya zile 60 maskini kuliko zote zinaingia, 30 zinabaki nje, na nafasi zao zinachukuliwa na 30 nyingine. Hizo 30 si matajiri. Wengi wao ni wa 70, wa 90, wa 110 kwa umaskini. Jirani mwenye mbuzi huenda ni wa 75. Ukimtazama yeye peke yake ni maskini kweli. Ukimlinganisha na mama mkubwa, unapandwa na hasira.

Sasa tazama jinsi mizani hii inavyomtendea mjane mzee. Nyumba ya bati aliijenga marehemu mume wake miaka 20 iliyopita. Kiti cha mbao kipo, redio ipo hata kama haina betri. Kompyuta inasoma bati, haisomi chungu. Upande wa pili, kijana mwenye watoto watano kwenye nyumba ya nyasi anapata alama za umaskini mkubwa hata kama msimu huu amevuna vizuri. Kuna kejeli zaidi: walengwa wengi wakipata ruzuku hujibana wakanunua mabati, kwa sababu paa linalovuja ndilo adha ya kwanza. Uhakiki ukija, yaleyale mabati yanawapandisha alama na kuwahitimisha. Kama paa la mama mkubwa ni la bati, au liliezekwa kwa fedha za ruzuku, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Ndiyo maana simwungi mkono anayedhani dawa ni uhakiki mkali zaidi. Uhakiki unatoa watu, hauingizi. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuziondoa zaidi ya kaya 55,000 zilizoitwa "kaya hewa". Neno hilo lilibeba mizigo mingi: ndani yake walikuwemo waliofariki, waliohama, wasiojitokeza kuchukua malipo, na walioonekana si maskini. Kusafisha daftari ni kazi ya lazima. Ila hata ukifuta kila jina lisilostahili, wale maskini walioachwa nje na hesabu wako palepale, na hakuna anayewatangaza kwenye redio.

Twende Zanzibar, maana hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote za kijiweni kwenu.

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza Pensheni Jamii: kila mzee aliyetimiza miaka 70 analipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi, awe na nyumba ya ghorofa au ya makuti. Fedha ni za serikali yenyewe. Baadaye kiwango kimepandishwa hadi 50,000. Uzuri wake ni kwamba dodoso lina swali moja tu: umri. Hakuna bati wala redio. Sheha anajua nani ni mzee, na mzee hawezi kuhitimu uzee.

Wapinzani watakuuliza: kwa nini tumlipe mzee mwenye daladala tatu? Swali ni halali, lakini lina bei. Kumzuia huyo mmoja kunahitaji mizani, na mizani ndiyo iliyomtoa mama mkubwa. Wazee wenye daladala tatu ni wachache, na serikali ina njia nyingine ya kuwafikia, nayo ni kodi. Utafiti wa mwaka 2018 uliopitia takwimu za nchi 9 za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulikuta kwamba hesabu hizi ngumu za alama ni hodari wa kuwazuia wasio maskini, lakini zinawaacha nje maskini wengi. Na kanuni nyepesi, kama kulipa kaya zenye wazee au watoto wengi, zinapunguza umaskini kwa kiwango kinachokaribiana nazo.

Hata hivyo pensheni ya wote ina mitego miwili, na ningependa uibebe kijiweni kabla hujapigiwa makofi.

Mtego wa kwanza ni mlango kufungwa. Kenya ilianzisha malipo ya wazee wote wa miaka 70 na zaidi chini ya Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, usajili ukafanyika 2017 na malipo yakaanza 2018. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini waliotimiza 70 baada ya usajili ule walisubiri miaka kabla ya kuandikishwa upya. Kwenye karatasi ni haki ya kila mzee. Kwenye ofisi ya chifu ikawa orodha ya waliowahi. Pensheni ya umri isiyo na usajili wa kila mwezi ni daftari lililofungwa kama daftari lingine lolote.

Mtego wa pili ni fedha. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka kwa mzee mmoja, yaani bilioni 240 kwa kila wazee milioni moja. Linganisha na TASAF. Katika viwango vya awamu ya tatu ilipoanza, kaya ilipata ruzuku ya msingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezewa kwa kuwa na watoto, kwa mtoto mchanga, na kwa kila mwanafunzi (2,000 wa msingi, 4,000 wa kidato cha kwanza hadi cha nne, 6,000 wa kidato cha tano na sita), lakini jumla haikuruhusiwa kuvuka 38,000. Kama kaya zote milioni 1.1 zilizoandikishwa zingepata kiwango cha juu kabisa, gharama ingekuwa takriban bilioni 500 kwa mwaka. Na nyingi zilipata chini sana ya hapo. Kwa hiyo pensheni ya wazee wote Bara si ndoto ya mchana, lakini pia si chenji.

Nani ataumia ikiwa TASAF itabadilishwa kuwa pensheni tu? Mama wa miaka 28 mwenye watoto wanne, hana mzee nyumbani, mume kaenda Dar es Salaam na simu haipatikani. Yeye ndiye maskini ambaye pensheni haimwoni kabisa. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba pensheni ya umri iongezwe juu ya mpango wa kaya, isichukue nafasi yake. Ikiwa bajeti haitoshi, waanze na wa miaka 75, kisha washuke mwaka hadi mwaka. Kosa ambalo serikali nyingi hulifanya ni kuanza na wengi kwa kiwango kidogo, halafu kikabaki kidogo milele.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo sijasikia likitajwa kwenye hoja zenu tatu. Thamani ya malipo. Kenya imelipa 2,000 kwa mwezi kwa zaidi ya muongo mmoja bila kugusa kiwango. Mfumuko wa bei wa asilimia 6 kwa mwaka, ambao hauhesabiwi kuwa wa kutisha, hula nusu ya thamani ya fedha ndani ya miaka 12. Hakuna mbunge aliyesimama kusema "tukate ruzuku ya maskini kwa nusu", lakini imekatwa. Iran ilionja hili kwa ukali: Desemba 2010 ilipunguza ruzuku ya mafuta na mkate, ikaanza kumlipa karibu kila raia riali 455,000 kwa mwezi. Mwanzoni zilikuwa fedha za maana kwa maskini. Kiwango kikaganda, bei zikapaa, na ndani ya miaka michache zikawa za kununulia vitu vidogo vidogo tu. Mtu akija kwenu kunadi mageuzi ya TASAF, muulize swali moja kavu: kiwango kitapandishwa kila Julai kufuata mfumuko unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, au kitasubiri huruma? Akibabaika, mageuzi yake yana tundu.

Kuhusu mikopo nitakuwa mfupi, kwa sababu hoja inachanganya mifuko miwili ambayo tayari ipo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuibua mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana, ukarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, benki zikihusishwa kwenye baadhi ya halmashauri. Mkopo unataka kikundi, andiko la biashara, na nguvu ya kurejesha. Mzee wa miaka 72 mwenye wajukuu ukimpa mkopo, umempa deni. Kitu kinachofanya kazi vizuri zaidi kwa walengwa ni vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana wao kwa wao, hisa za mia tano au elfu moja kwa wiki, ambavyo hukua juu ya ruzuku inayokuja kwa wakati. Ruzuku ikikatika, kisanduku cha kikundi nacho hukauka.

Hoja ya kazi inahitaji maneno zaidi, maana wengi hawajui kwamba kazi tayari ipo ndani ya TASAF. Inaitwa ajira za muda. Ilipoanza, kaya yenye mtu mwenye nguvu wa miaka 18 hadi 65 iliweza kufanya siku 60 kwa mwaka kwa ujira wa 2,300 kwa siku, yaani 138,000 kwa mwaka. Ujira huo ukaja kupandishwa hadi 3,000. Kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi haipaswi kuadhibiwa: mama mkubwa, kwa umri wake, hahusiki. Ujira umewekwa chini ya bei ya kibarua cha kawaida kwa makusudi, ili mwenye njia nyingine asije kugombania nafasi. Wazo si baya. Linaharibika kwenye utekelezaji.

Linaharibika hivi. Miradi ikichelewa kuidhinishwa, kazi inaangukia msimu wa kulima, na mtu anachagua kati ya shamba lake na bwawa la kijiji. Majembe na matoroli yakichelewa, siku zinakwenda kwa kukaa. Fundi wa halmashauri asipofika kupima mteremko, barabara iliyochimbwa Septemba inasombwa na mvua za Machi, halafu watu wanasema maskini hawajui kazi. Mama mwenye mtoto mchanga anaambiwa aje naye juani, wala hakuna aliyepangwa kuwaangalia watoto kivulini. Baya kuliko yote ni tarehe ya malipo. Kibarua kwa mwenye shamba hulipwa jioni ileile. Ajira za muda hulipwa baada ya wiki au miezi. Mtu ambaye hana unga wa leo usiku hawezi kuikopesha serikali nguvu zake. Anakwenda kwa mwenye shamba. Anayebaki kwenye mradi ni yule mwenye akiba kidogo, na hapo kipimo cha kazi kilichowekwa ili kumpata maskini zaidi kinamkosa huyohuyo.

Masharti ya elimu na afya nayo yana mkasa unaofanana. Mwanafunzi anatakiwa ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, mtoto mdogo apelekwe kliniki. Kaya ikishindwa, sehemu ya ruzuku hukatwa. Je, masharti yanasaidia? Majaribio ya Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, yaliwagawa wasichana: kundi moja lililipwa kwa sharti la kwenda shule, jingine bila sharti. Wenye sharti walihudhuria zaidi. Lakini ndoa na mimba za utotoni zilipungua zaidi kwa waliolipwa bila sharti, kwa sababu binti aliyekwisha kuacha shule hakukatiwa fedha pale alipozihitaji mno. Kwa hiyo sharti linasukuma na linatupa nje kwa wakati mmoja. Huku kwetu tatizo mara nyingi ni dogo na la kukera: mwalimu hajajaza fomu ya mahudhurio, au fomu imekaa kwenye droo ya kituo cha afya, na mfumo unasoma kwamba mtoto hakwenda. Mfumo utume ujumbe wa onyo kwanza na mtu aende nyumbani kuuliza kulikoni, makato yaje mwisho.

Kwa wanaosema fedha zinaishia kwenye pombe: mapitio ya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali hayakuona ongezeko la matumizi ya pombe na sigara kwa wanaopewa ruzuku, mara nyingi yalipungua. Na majaribio ya TASAF yenyewe kwenye vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, malipo yakianza 2010, yalionyesha kaya zikinunua mbuzi na kuku, zikijiunga na bima ya afya ya jamii (CHF), na watoto wakivaa viatu. Nataja viatu kwa sababu hakuna aliyewaambia wanunue.

Kama ningeulizwa geuzi moja lenye faida kubwa kwa wilaya kama yenu, yenye ukame wa mara kwa mara, nisingechagua kati ya zile tatu. Ningetazama kaskazini mwa Kenya. Mpango wa kupambana na njaa wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera uliandikisha karibu kaya zote za kaunti hizo nne, si maskini peke yao, na kuzifungulia akaunti. Kaya takriban 100,000 zilikuwa zikilipwa kila mara. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kaya nyingine zilizokwisha kuandikishwa huongezwa kwenye malipo ya dharura bila mkutano mpya wala dodoso jipya. Ukame ukiondoka, orodha inarudi. Huu ni usajili wa kila mtu, malipo ya wachache, na mlango unaofunguka wenyewe. Unapunguza pia ugomvi wa jirani na jirani, kwa sababu aliyekosa leo anajua jina lake lipo.

Sasa mama mkubwa.

Aanze kwa kuuliza sababu halisi iliyoandikwa kwenye mfumo. "Amehitimu" huko kijijini hutumika kwa kila aliyetoka, lakini sababu zinaweza kuwa nne tofauti: alama zimepanda, hakujitokeza kwenye malipo au uhakiki, taarifa zake zimegongana na za kitambulisho cha taifa (NIDA), mfano jina la kadi ni Mwanahamisi na la NIDA ni Mwanahamis, au ameandikwa kimakosa kuwa amefariki au amehama. Mbili za mwisho ni marekebisho ya kiofisi, hazihitaji rufaa ndefu. Ya pili inahitaji maelezo: kama alikuwa hospitali, apeleke cheti.

Ikiwa ni alama, aombe kusomewa majibu ya dodoso lake, swali kwa swali. Makosa ninayoyataja hapa ndiyo ya kawaida. Wajukuu hawakuhesabiwa kwa sababu siku ile walikuwa shule. Binti aliyeko Dar es Salaam amehesabiwa kama mwanakaya, na simu yake na ajira yake zikaingia. Mbuzi anaowachungia watu wameandikwa kuwa wake. Kanuni ni moja: kaya ni wale wanaolala hapo na kula chungu kimoja, wala haihusu ukoo.

Malalamiko yaandikwe, yasiishie kwa mdomo. Aende kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya usimamizi ya jamii, ajaziwe fomu ya malalamiko, iandikwe tarehe, abaki na nakala au hata picha iliyopigwa kwa simu yako. Aambatanishe kadi ya mlengwa, namba ya NIDA, na barua ya mwalimu mkuu kuhusu mjukuu wa darasa la tano. Bila jibu kufikia mzunguko wa malipo unaofuata, nakala ipelekwe kwa mratibu wa TASAF halmashauri, na barua kwa mkurugenzi. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu: dai orodha isomwe hapo, majina yote, wanaoingia na wanaotoka pamoja na sababu.

Wakati anasubiri, kuna haki ambazo hazitegemei TASAF na watu huziacha zikipotea. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Ahakikishe ana kitambulisho cha msamaha kutoka halmashauri kupitia ustawi wa jamii, maana bila hicho dirisha la wazee litamrudisha kwenye foleni ya kulipia. Mjukuu wa darasa la tano hadaiwi ada.

Akirejeshwa, shughulikia njia ya malipo kabla ya siku yenyewe. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake, si la mjukuu wala la kwako. Alama za vidole za wazee waliolima maisha yote mara nyingi hazisomeki. Vijaribiwe vidole vyote kumi wakati wa usajili, na aombe kuandikisha mtu wa kumchukulia anayemwamini. Wakala akimkata "ya chai" juu ya ada iliyobandikwa ukutani, hilo nalo ni lalamiko la kuandikwa.

Jambo moja nikuombe umzuie. Asiandike malalamiko dhidi ya jirani. Alama za kila kaya hukokotolewa peke yake. Kumtoa jirani hakumrudishi yeye, kunazalisha tu uhakiki mwingine na uhasama wa kisimani. Fomu iandikwe kwa jina la mama mkubwa, kuhusu nyumba ya mama mkubwa, na jirani aachwe na mbuzi wake.